Tumbo la Fundi

Watu wengine ukiwakumbuka unaanza na uso. Huyu mimi naanza na tumbo, kwa sababu ndilo alilotuonyesha zaidi. Kwa miaka mingi tulipanga fremu mbili zilizopakana pale Ng'ambo, Tabora, baraza moja, ukuta mmoja. Mimi nauza vitambaa. Yeye alishona kanzu na suruali za kiume. Aliyenunua kwangu alivuka hatua mbili akapimwa kwake. Tulimwita Fundi, na ukisema Fundi pale mtaani hakuna anayeuliza yupi, ingawa cherehani za Ng'ambo ukianza kuzihesabu utachoka. Alikozaliwa sijui, na watu wake sikuwahi kuwaulizia. Ninayoyajua yananitosha kumsema.

Zamani alikuwa na kitambi cha heshima. Kilitangulia kuingia msikitini, yeye akafuata. Kilikuwa kitambi cha mtu aliyeoa vizuri, maana mkewe, Mama Mwajuma, shoga yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa na kibanda cha chakula upande wa pili wa barabara, akipika wali, maharage ya nazi, samaki wa mgebuka wa kukaanga na mlenda wa karanga. Bango hakuwa nalo. Kila adhuhuri, watu wakitoka kuswali, Fundi alivuka barabara, akakaa kwenye benchi la mbele kabisa, akaletewa sahani iliyojaa, akala mbele za watu wote huku akifumba macho kila tonge la tatu au la nne.

"Bango langu lile pale linatafuna," Mama Mwajuma alikuwa akiniambia.

Na kweli watu walikuja. Kwetu mpita njia hatazami sufuria kwanza. Anatazama kama mwenye nyumba mwenyewe anakula. Mume akikaa nje na sahani ya mkewe, basi chakula hicho ni safi, ni kitamu, na hakina neno.

Kilichomharibu Fundi ni kioo. Alinunua kioo kikubwa cha kusimama ili wateja wajione wakivaa kanzu mpya, akakiegemeza ukutani mkabala na cherehani yake. Kabla ya hapo alikuwa anajitazama kwenye kile kioo kidogo cha kunyolea, ambacho kinaishia kidevuni. Siku chache baadaye nilimkuta amesimama ubavu, ameshika kitambi kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Dada," akaniuliza, "hiki kitu kimeanza lini?"

"Fundi, mimi nilipohamia hapa nilikikuta."

Hakucheka. Kuanzia hapo simu yake ikawa inamwonyesha kijana mmoja aliyejipaka mafuta mwili mzima, asiye na kazi ninayoijua isipokuwa kukunja tumbo, na tumbo lenyewe limegawanyika vipande. "Sikspaki," Fundi aliniambia, akilitamka neno kwa adabu kama anataja cheo cha serikali. Mama Mwajuma alipoonyeshwa alitazama kwa makini, akasema ni chuma cha vitumbua kimegeuzwa, na kama mume wake anataka vitumbua, vipo vya moto.

Fundi alikuwa na elimu yake juu ya jambo hili, na aliigawa bure kwa kila aliyekuja kuuliza kama suruali yake iko tayari. Suruali haikuwa tayari, lakini elimu ilikuwepo. "Kila mtu anavyo vipande," alisema. "Hata wewe, dada, unavyo."

"Mimi viko wapi?"

"Vimefunikwa. Bitana ikizidi unene, mshono wa ndani utauonaje?"

Alipenda kusema pia kwamba mazoezi ni uzi na mlo ni sindano, na uzi bila sindano utashonea nini. Hapo, haki ya Mungu, alisema kweli. Nimeona vijana wakinyanyua vyuma vya saruji mpaka mishipa inawatoka shingoni, jioni wanakaa na sahani mbili za chipsi, na kitambi kiko palepale kinawangoja. Fundi alilijua hilo. Tatizo la Fundi halikuwa ujinga. Mjinga angechoka mapema.

Mazoezi alifanyia juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alijilaza kifudifudi, akajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, akabaki amekakamaa hivyo huku anahesabu moyoni. Siku moja alikuwa ametandika bafta nyeupe ya mteja, kwa kuogopa kuichafua akageuka chali, akanyoosha miguu, akafumba macho apumzike. Akaingia bwana mmoja kutoka Urambo, mkulima wa tumbaku, amekuja kuchukua koti lake. Nilichosikia ni "Inna lillahi!" na kishindo cha mtu aliyejigonga kwenye mlango. Fundi akainuka kumkaribisha, na hapo ndipo mgeni wa watu alipopiga ukelele hasa. Koti lile lilikaa kwenye msumari muda mrefu. Mwenyewe hakurudi mpaka alipotuma ndugu yake.

Halafu kulikuwa na habari ya mapagazi. Mji huu umejaa hadithi za misafara, na Fundi alizichagua zile zilizomfaa. Aliamua kwamba babu zetu Wanyamwezi waliobeba pembe mabegani kutoka hapa mpaka pwani wote walikuwa na sikspaki.

"Unadhani pagazi alikuwa na kitambi?" aliniuliza.

"Alikuwa na njaa, Fundi."

"Nidhamu, dada. Ilikuwa nidhamu."

Basi akajaza mchanga kwenye kiroba, akawa anakibeba begani kila asubuhi kwenda Kwihara na kurudi. Waendesha bodaboda walimpigia honi: "Fundi, Bagamoyo mbali, utafika?" Asubuhi moja, mwenyewe alinisimulia kwa uchungu, alikutana na bibi mmoja anapeleka michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni. Akamwamkia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Mchanga, bibi."

"Unajenga?"

"Hapana. Naenda nao, halafu narudi nao."

Yule bibi alitua ungo wake chini. "Pole, mwanangu," akasema. "Nyumbani kuna mtu wa kukuangalia?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi alisema watu wa vijijini hawaelewi mambo ya afya. Nikamwambia kwamba yule bibi alibeba ungo kichwani kutoka kwao mpaka mjini na hakumwambia mtu kuwa ni mazoezi.

Kwenye hitma na harusi alikuwa balaa. Mnajua sinia linavyoliwa: watu wanalizunguka, kila mmoja anakula pilau upande wake, nyama iko katikati inangoja mkubwa wa sinia aigawe. Fundi alikuwa ameacha wanga. Wali ni wanga, kwa hiyo hakuugusa. Nyama haina wanga, kwa hiyo aliifuata ilipo. Wenzake wanapofika katikati wanakuta mifupa, na Fundi ananawa. Wanaume wakaanza kumkimbia. Akionekana mlangoni, kila sinia lilikuwa limeshajaa. Ramadhani nayo aliipokea kwa furaha iliyomtia shaka hata imamu. Watu wakifuturu kwa uji na mihogo, yeye alichukua tende moja na tango. Imamu akasema kwa upole kwamba funga ya Fundi ni nzuri, ila haina futari.

Pamoja na hayo yote, tumbo halikutoka vipande. Mwaka ukapita, kitambi kikapungua, kikawa kama begi lililotolewa nguo, lakini vipande havikuonekana. Sababu niliijua mimi, kwa kuwa tulipakana. Fundi aliacha wali, ugali, mafuta, chapati na soda, lakini asali hakuiacha. Mtu wa Tabora utamwachishaje asali? Nyuma ya cherehani alikuwa na dumu, na kila baada ya mazoezi alijimiminia kikombe kizima.

"Fundi, hiyo si sukari?"

"Asali ni dawa. Ipo mpaka kwenye Kitabu."

"Kwenye Kitabu umeambiwa kikombe?"

Wateja nao walianza kuumia. Zamani alimpima mtu kimyakimya, akaandika, akamshonea kanzu pana inayositiri kila kitu. Hiyo ndiyo kazi ya kanzu. Sasa alipozungusha tepu kiunoni alisema kwa sauti mpaka kwangu nasikia. Mzee mmoja mfanyabiashara, mtu wa swala tano na wake wawili, aliambiwa mbele ya mwanawe kwamba kiuno chake kimepotea na inabidi kitafutwe. Alivaa viatu vyake, akaja kunirudishia kitambaa alichonunua kwangu. Mfugaji mmoja wa Igunga, aliyekuja kushona suti ya kumwoza binti yake, ndiye peke yake aliyemjibu. Fundi alikuwa amefunua shati amwonyeshe mfano wa mwili unavyotakiwa kuwa. Yule bwana akainama, akatazama mbavu moja moja.

"Kwetu ng'ombe akifika hapa," akasema, "tunamwuza haraka kabla hajalala chini."

Hayo yote yangekuwa ya kuchekesha tu, na mimi ningekuwa bado nacheka. Lakini lipo la benchi.

Adhuhuri alipoacha kula kwa mkewe, Fundi hakuacha kukaa pale. Mazoea. Alivuka barabara na bakuli lake la plastiki, akakaa palepale mbele, akatoa mayai ya kuchemsha, akala ute na kuwatupia kuku viini. Mkewe anapakua wali unaotoa moshi, yeye anamenya yai. Wiki za mwanzo watu walimtania. Kisha mmoja akauliza, mwingine akaitikia, na swali likapita kutoka stendi mpaka sokoni: mwenyewe hali, sisi tule tuna nini?

Jibu lilipatikana upesi, kama yanavyopatikana majibu ya aina hiyo. Limbwata. Mke amemtilia mume dawa kwenye chakula ili amtawale, mume amegundua, sasa anakula mayai kwa sababu yai huwezi kulitia kitu bila kulivunja. Watu wazima, wenye akili zao, walinieleza hivyo wakiwa wananunua vitambaa. Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Na kadiri Fundi alivyokonda, ndivyo walivyozidi kuamini: ameshtuka, lakini imeshamwingia. Haikupita kichwani mwa mtu hata mmoja kwamba mwanamume mzima anaweza kukataa wali wa bure kwa ajili ya kuona tumbo lake.

Wakaanza kuja kumtazama kama mgonjwa. Akina mama watatu wa mtaa wa nyuma walikuja na chupa ya uji, wakakaa barazani, wakampa pole. Fundi alidhani habari za mazoezi yake zimeenea. Akasimama, akafunua shati mpaka kifuani, akabana pumzi. Wakati huo asali alikuwa ameshaiacha, na vipande vinne vya juu vilikuwa vimeanza kujichora. Mmoja wa wale akina mama akajifunika uso kwa mtandio akalia.

Fundi alifurahi siku ile nzima. Upande wa pili wa barabara, masufuria ya Mama Mwajuma yalikuwa yamejaa mpaka alasiri. Madereva waliokuwa wateja wake wakubwa walikuwa wanapita mbio, wengine wakimwamkia kwa kumwonea haya. Kibanda kile ndicho kilichomsomesha binti yao Mwajuma mpaka akamaliza. Ndicho kilichompa yule mama jina lake mjini. Akipita, watu walisema huyu ndiye mwenye maharage. Sasa walisema mengine.

Alivuka barabara siku moja saa tisa hivi, kanga yake ya kupikia bado kiunoni. Mimi nilikuwa barazani nakunja vitenge. Alisimama mlangoni kwa mumewe kama mteja.

"Baba Mwajuma."

"Naam."

"Nakuomba kitu kimoja. Kesho adhuhuri kaa kwenye benchi, ule sahani moja watu wakuone. Moja tu. Baada ya hapo ukila hewa, sitakuuliza."

Fundi alisimamisha cherehani. Nilimwona anajitazama tumboni, halafu kwenye kioo, halafu tena tumboni.

"Mke wangu, vinne vimeshatoka. Vimebaki viwili vya chini, na vya chini ndivyo vigumu. Nikila wali kesho, vitajificha tena."

"Na wateja wangu?"

"Watarudi. Waambie ukweli."

"Nimewaambia. Wananitazama tu. Anayetakiwa kuwaambia ni mdomo wako, tena ukiwa umejaa."

"Subiri basi vitoke," akasema Fundi. "Havitachukua muda."

Nilitupa kitenge chini. Nilimwambia, "Fundi, kula! Sahani moja itakuua?" Akanigeukia kwa upole uleule wa kupimia watu, akasema, "Dada, wewe hujui nidhamu." Mama Mwajuma alifunga vizuri kanga yake akarudi kwake, na jioni ile nilimwona anawamwagia kuku sufuria zima la wali. Nilimchukia Fundi siku hiyo. Nasema wazi, nilimchukia.

Kabla mwezi haujaandama Mama Mwajuma alikuwa amefunga virago kwenda Igalula, kwa kaka yake, karibu na stesheni. Hapakuwa na talaka wala kelele. Alipakia masufuria kwenye guta, akanikumbatia, akaniambia, "Shoga, kule hakuna anayemjua mume wangu." Alisema hivyo kama mtu anayetaja sifa ya kiwanja.

Vile viwili vilitoka. Fundi alikuja dukani kwangu asubuhi, shati liko wazi tayari, akasimama penye mwanga. Siwezi kumnyima haki yake: vilikuwa sita, vimepangika, kushoto na kulia, kazi safi ya mtu mzima aliyekaribia kuwa babu. Nilivitazama vyote.

"Hongera," nikamwambia. "Mama Mwajuma ameviona?"

Akafunga vifungo kimoja kimoja. Akasema ana mtu anayesubiri kanzu yake, akarudi kwake. Sikuisikia cherehani mpaka mchana.

Nilipopata nafasi nikaenda Igalula kumpelekea shoga yangu vitenge na kumwona. Nilimkuta amenenepa, uso unang'aa, kibanda kipya cha mabati, mabenchi mawili mbele, na watu wamebanana wakingoja treni. Na pale kwenye benchi la mbele, mwishoni, nikamwona Fundi. Alikuwa ameingia asubuhi ileile. Shati lake, alilolishona mwenyewe, lilining'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Hakuwa na bakuli.

"Shemeji," nikamwambia, "umefika."

"Nimekuja kula, dada," akasema, na hakuwa anatania. Kisha akapaza sauti. "Mke wangu! Nipakulie wali, maharage, na mchuzi juu. Nakaa hapahapa mbele, watu wote wanione."

Mama Mwajuma aliendelea kupakua sahani za watu. Alipomjibu hakuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Hapo mbele hapana."

"Kwa nini? Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka. Sasa jitazame. Mtu akija hapa akaambiwa wewe ndiye unayekula kwangu kila siku, atadhani chakula changu ndicho kilichokufanya hivyo. Chukua sahani yako ukakae nyuma, pale penye kuni."

Benchi zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaona mikono yake ikipokea ile sahani, na kicheko kikaniishia. Alizunguka nyuma ya kibanda. Nikamfuata na maji ya kunawa, maana hakuna mwingine aliyekumbuka. Alikaa juu ya gogo akala kwa mkono, wali, maharage, mchuzi, bila kuacha punje, akafumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikutaka kumhurumia lakini nilimhurumia.

Treni ikapiga honi. Wauzaji wote wakanyanyuka kwa mkupuo.

"Mama Mwajuma!" Fundi akaita kutoka pale penye kuni. "Chakula kitamu!"

Nikamwambia kwamba kwa kelele hizi mkewe hajamsikia. Akasimama na sahani mkononi, akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, na mara hii nina hakika mkewe alisikia, kwa sababu hata mimi masikio yaliniuma. Lakini alikuwa ameshafika kwenye madirisha ya treni na sinia lake kichwani, watu wanamnyooshea mikono, na hakugeuka.